Anti, mwenye websaiti hajajibu na mwenyekiti anasema kimya ni ridhaa, tuprinti?

Anti shikamoo, pole na kazi ya kusoma barua zetu. Nakufuatilia siku nyingi ila kuandika ndo leo, maana hili jambo limenikaba na huku nilipo kila ninayemuuliza ana upande wake.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa nyanya na mbogamboga huku Mgeta, Morogoro. Kantangaze, yule mdudu wa nyanya, ametutesa mno, mtu anahudumia shamba miezi na miezi akija kuvuna tunda limetobolewa karibu na kikonyo, sokoni halichukuliki hata kwa bei ya kutupa. Basi tukakaa kikao tukaamua tutoe kijitabu cha Kiswahili, kurasa kama 40 hivi, kimwelekeze mkulima kuanzia kitaluni mpaka sokoni ila sehemu kubwa iwe wadudu na magonjwa. Kuna mfadhili atatulipia nusu ya gharama ya kuprinti kopi 500, nusu nyingine turudishe kwa kuuza kila kopi sh. 3,000, kikibaki chochote kiingie mfuko wa kikundi. Kazi ya kukiandaa nikapewa mimi kwa vile nina kompyuta na nimefika chuo.

Sasa vitu vya kuweka ndani nimevipata mtandaoni. Kuna websaiti moja ya huko Kenya imepangwa vizuri sana, makala za nyanya hatua kwa hatua na picha kali, zingine za Kiingereza zingine za Kiswahili, ila chini kabisa pameandikwa haki zote zimehifadhiwa. Kuna nyingine ya shirika la nje, yenyewe ina vile vialama vya duara vya Creative Commons, imeandikwa BY-NC-SA, sijui ndo nini. Na picha zingine nimezivuta tu Google.

Wale wa Kenya nimewaandikia imeili kuomba tutumie makala zao, muda umepita na hakuna jibu lolote. Mwenyekiti anasema kimya ni ridhaa, kama binti anapoulizwa kuhusu posa akanyamaza, na isitoshe sisi hatuibi, mwishoni tutaandika chanzo. Binamu yangu anayefanya mambo ya kompyuta anasema nibadilishe maneno asilimia 30 tu, sheria hainigusi tena. Mjumbe mwingine kasema kitu kikishawekwa mtandaoni ni cha wote, angetaka kiwe chake angekifungia ndani. Pia tuna mpango wa kusoma makala kwa sauti nitume kwenye grupu la WhatsApp kwa ajili ya wazee wetu wasioweza kusoma, hiyo nayo sijui inahesabikaje.

Mwenyekiti ni mtu mzima, ni wa rika la baba yangu, siwezi kumbishia mbele za watu. Ila kwenye jalada litakaa jina langu, kimeandaliwa na fulani. Juzi kanipigia kasema mwenye stesheneri anasubiri faili. Anti nifanyeje?

Katibu, Mgeta

*

Marahaba mwanangu. Kwanza usitume faili. Mwambie mwenye stesheneri asubiri, kijitabu kikichelewa hakimuui mtu, ila kopi 500 zikishatoka na kusambaa hadi Kibaigwa huwezi kuzirudisha.

Nianze na kimya, maana ndo kinachokusumbua zaidi. Kwenye hakimiliki kimya ni hapana. Ule mfano wa binti na posa usiuchukue kabisa, pale kuna walii, kuna watu wazima wamekaa wanamtazama usoni, wanamjua, wanajua kaulizwa na kasikia alichoulizwa. Imeili yako hujui hata kama imefika, huenda imeangukia kwenye taka za imeili, huenda yule anayesimamia lile boksi aliacha kazi mwaka jana. Kwa sheria ya Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kutoa nakala, kusambaza, kutafsiri na kubadilisha kazi ni mambo ya mwenye kazi, wewe unayafanya akikuruhusu au sheria yenyewe ikikuruhusu, hakuna mlango wa tatu unaoitwa hakujibu. Na usije ukaambiwa eti wao ni Wakenya sheria yetu haiwahusu. Kuna Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, Kenya iliingia 1993 na sisi tukaingia 1994, kwa hiyo kazi ya Mkenya inalindwa hapa kwetu kama ya Mtanzania, na ya kwako inalindwa kule. Mkataba huohuo unasema ulinzi hautegemei usajili wala alama yoyote. Yaani hata wangekuwa hawajaandika haki zote zimehifadhiwa, makala ingekuwa ni yao tu tangu ilipoandikwa, na inabaki hivyo maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake.

Huyo mjumbe anayesema kitu cha mtandaoni ni cha wote anachanganya kusomwa na kumilikiwa. Waliiweka pale ili isomwe, ndiyo. Kusoma, kutuma linki kwa wenzako, kumwonyesha mkulima kwenye simu yako mkiwa shambani, hayo yote fanya bila wasiwasi, na wenye websaiti wenyewe watafurahi. Kuichukua ukaiprinti ukauza ni kitu kingine kabisa.

Na chanzo jamani. Hili kosa liko kila kona, mtu anabeba makala nzima anaweka chini "chanzo: mtandao" au "picha: Google" anaona kamaliza. Kwanza Google siyo chanzo, Google imekuonyesha tu njia, picha ina mtu aliyeipiga. Pili kumtaja mwenye kazi ni deni lako kwake hata pale alipokuruhusu, ni haki yake ya kutambulika, ila kumtaja peke yake hakugeuki kuwa ruhusa. Kutaja chanzo kunakutosha pale unaponukuu, sheria inakubali unukuu kipande cha kazi iliyokwisha kutolewa kwa umma, kwa uungwana, kwa kiasi ambacho jambo lako linahitaji, na jina la mwandishi na chanzo vikatajwa. Sentensi mbili tatu za mtaalamu ili kutilia nguvu hoja yako, hapo uko sawa. Makala nne nzimanzima zikapangwa mfululizo zikafanywa sura ya kijitabu, hiyo siyo nukuu.

Binamu yako mwambie asilimia 30 haipo. Haipo kwenye sheria ya Tanzania wala ya Kenya, na hata ile ya Wamarekani ambayo watu wanaisikia kwenye video za YouTube wakadhani inatuhusu, ile wanaita fair use, yenyewe inapima mambo manne na hakuna hata moja linalotaja asilimia. Ukichukua makala ya mtu ukabadilisha neno huku na kule lakini mpangilio ni uleule, mfano uleule, aya zinafuatana vilevile, hiyo bado ni kazi yake umeivalisha shati jingine. Kuipitisha kwenye programu ya kutafsiri pia hakusaidii, tafsiri ni tafsiri awe kaifanya mtu au mashine, na haki ya kutafsiri ni ya mwenye makala.

Ila sasa hapa ndo kuna habari njema na naomba uisome taratibu. Sheria hailindi maarifa. Inalinda maneno yalivyopangwa, picha, mchoro, jedwali lililobuniwa, ila ukweli wenyewe, mbinu yenyewe, data tupu, havina mwenyewe. Kwamba kantangaze ni nondo mdogo aliyetokea Amerika ya Kusini, akaingia Hispania 2006, huku kwetu akathibitishwa 2014. Kwamba jike mmoja anaweza kutaga hadi mayai 260. Kwamba kiwavi anapenya ndani ya jani anakula nyama ya katikati anaacha ngozi ya juu na ya chini, ndo maana unaona mabaka meupe yanayopitisha mwanga ukiliinua jani juani, na ndo maana dawa ya kugusa tu haimpati vizuri akishaingia. Kwamba mtego wa harufu ya jike unawavuta madume na unakuambia mapema mdudu ameshafika shambani. Hivyo vyote ni vyenu, viandikeni, hakuna wa kuwaomba ruhusa. Ambacho siyo chenu ni namna yule ndugu wa Kenya alivyovieleza, na picha alizozipiga.

Kwa hiyo mwanangu njia yangu ya kwanza kabisa kwako ni hii, andika mwenyewe. Soma websaiti zaidi ya moja, soma vipeperushi vya TARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, wale wa Tengeru ndo hasa wanashughulika na mbogamboga, muulize afisa ugani wa kata, kisha funga vyote, nenda shambani kwa mwanachama aliyeshambuliwa, ukirudi andika kama unamweleza jirani. Baadae ndo ufungue tena vile vyanzo kuhakiki namba na majina. Ukiandika huku makala ya mtu imefunguka upande wa pili wa skrini mkono utakopi tu hata usipotaka. Picha piga na simu, asubuhi jua halijawa kali, jani liinue lipate mwanga kwa nyuma, weka kidole au sarafu pembeni ili mkulima ajue mdudu ana ukubwa gani. Akionekana mtu usoni muombe ridhaa na umwambie picha inakwenda wapi, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sasa, siyo suala la adabu tu.

Na kuna sababu nyingine ya kutobeba makala ya Kenya kama ilivyo ambayo kwangu ni nzito kuliko hata ya sheria. Viuatilifu. Dawa iliyosajiliwa Kenya siyo lazima iwe imesajiliwa hapa, na hata jina la dukani linaweza kuwa tofauti. Hapa kwetu wanaosajili ni TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mkulima wa Mgeta akisoma kwenye kijitabu chenu apige dawa fulani kipimo fulani, atakiamini kuliko hata maelekezo ya muuza duka, atakwenda kuitafuta, akiikosa atauziwa kitu kingine, au ataipata ya magendo isiyo na lebo. Ile sehemu ya dawa hakikini na TPHPA au afisa kilimo wenu neno kwa neno, na muweke siku za kusubiri kabla ya kuvuna kama lebo ya dawa inavyosema. Hii siyo hakimiliki najua, ila nisingelala vizuri nisipoisema.

Tuje kwenye websaiti yenye vialama. Creative Commons ni shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 2001, likatoa leseni zake za kwanza Desemba 2002, toleo linalotumika zaidi sasa ni la 4.0 la mwaka 2013. Maana yake ni kwamba mwenye kazi ametangaza ruhusa mapema kwa watu wote, huhitaji kumwandikia, mradi ufuate masharti yaliyoko kwenye zile herufi. BY ni lazima umtaje. NC ni usitumie kibiashara. SA ni ukiibadilisha au kuitafsiri, unachotoa nacho kiwe chini ya leseni hiyohiyo. Kuna ND pia, hiyo ikiwepo usitafsiri ukasambaza, unaruhusiwa kuisambaza kama ilivyo tu, na watu wengi wanaanguka hapo kwa sababu wanaona alama ya cc wanadhani yote ni sawa.

Yako ni BY-NC-SA, kwa hiyo kutafsiri Kiswahili ruksa. Tatizo lako ni ile sh. 3,000. Leseni inasema matumizi ya kibiashara ni yale ambayo lengo lake kuu ni faida ya kibiashara au malipo ya pesa. Nyie mnasema mnarudisha gharama, sawa, lakini umeniambia kikibaki kitu kinaingia mfuko wa kikundi, hapo mwenye kazi anaweza kusema mnauza. Wengine wanakubali urudishe gharama ya karatasi na wino, wengine hawataki kabisa, na leseni haijataja bei. Mimi nisingekaa kubishana, kwa upande huo ama zile kurasa zitoke kwenye kipeperushi cha bure pembeni ya kijitabu, ama muwaandikie muwaulize mkiwatajia bei na idadi ya kopi. Mashirika yanayotumia leseni hizi mara nyingi yana anwani ya maombi ya haki, itafute.

Jambo lingine kuhusu SA. Tafsiri yako ya makala yao haiwezi kuwekwa kwenye kijitabu ambacho jalada linasema haki zote zimehifadhiwa kwa kikundi, lazima iandikwe wazi kwamba sura hii iko chini ya BY-NC-SA na mtu mwingine anaweza kuinakili kwa masharti yaleyale. Na usiichanganye na maneno ya Wikipedia kwenye aya moja, kwa sababu Wikipedia ni BY-SA, inaruhusu hata kuuza, hii nyingine haitaki kuuza, hizo mbili hazikai kwenye maandishi mamoja. Zikikaa kila moja kwenye ukurasa wake na leseni yake, sawa.

Kumtaja mwenye kazi nako kuna namna yake. Jina la makala, jina la aliyeandika, ilikotoka pamoja na linki, na leseni ipi toleo lipi, kisha useme umebadilisha nini, kwa mfano "imetafsiriwa na kufupishwa". Hivi vikae palepale chini ya makala au picha. Kuvirundika vyote ukurasa wa mwisho kwa herufi za sisimizi kunamfanya msomaji asijue kipi ni cha nani.

Kama unataka vitu vya wazi zaidi vipo. Machapisho mengi ya FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ya miaka ya karibuni yana leseni za Creative Commons, fungua kile kijukurasa cha haki kilicho karibu na jalada usome, kila chapisho lina ya kwake usikisie. Wao ukitafsiri wanataka uandike kwamba tafsiri haikufanywa na FAO, kwamba FAO haiwajibiki kwa usahihi wake, na kwamba toleo la lugha ya asili ndilo lenye mamlaka. Kuiandika sentensi hiyo ni bure na ukiiacha umevunja masharti. Picha ingia Wikimedia Commons, tafuta kantangaze kwa jina la kisayansi, Tuta absoluta, picha za pale zinaruhusu hata biashara, ila kila picha ina ukurasa wake wenye jina la mpiga picha na leseni, unanakili vyote viwili. Zile ulizozivuta Google zifute kwenye faili, zote, usihangaike kuchambua ipi ina shida. Ukitaka kutafuta upya Google ina kichujio cha haki za matumizi kwenye zana za picha, kikuonyeshe zenye leseni, na hapo pia uingie kwenye ukurasa wenyewe uhakikishe, maana kuna websaiti zinabandika alama ya cc kwenye picha ambazo na wao wameziokota. Mtu hawezi kukupa ruhusa ya kitu kisicho chake.

Sasa wale wa Kenya usiwaache, makala zao umezipenda na pengine wao wenyewe wangependa zifike Mgeta. Tatizo ni kwamba ombi la "naomba tutumie makala zenu" halimpi mtu cha kujibu, hajui zipi, wapi, kwa pesa au bure, anaona afadhali anyamaze. Andika upya hivi:

"Habari. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima Mgeta, Morogoro, Tanzania. Tunaomba ruhusa ya kutumia makala zenu nne kuhusu nyanya na picha tulizoziorodhesha, linki zote ziko chini. Tungependa kuzitafsiri zile za Kiingereza, kuzifupisha, na kuziweka kwenye kijitabu cha kurasa 40, kopi 500, kitakachouzwa sh. 3,000 kwa wakulima hapa Tanzania ili kurudisha gharama. Tungependa pia kuzisoma kwa sauti kwenye grupu la WhatsApp la wanachama, bila malipo. Jina la mwandishi, jina la websaiti na linki vitakaa chini ya kila makala. Je, mnakubali, na kwa masharti gani? Je, picha ni zenu wenyewe au kuna mpiga picha tunayepaswa kumwomba? Tafsiri tutawatumia muipitie kabla ya kuprinti."

Lile swali la picha usiliache. Websaiti nyingi zinanunua picha kwa leseni inayoishia kwao tu, wanaweza kukuruhusu maneno kwa moyo mmoja na picha wasiwe na uwezo wa kukupa. Tuma kwa imeili, na kama wana ukurasa wa Facebook au namba ya ofisi wapigie uwaambie kuna imeili, Wakenya kwenye simu wanajibu. Taja siku unayohitaji jibu, lakini usiandike "msipojibu tutahesabu mmekubali", hiyo haina nguvu yoyote na inaudhi. Wakikubali kwa simu waombe watume hata mstari mmoja wa maandishi. Wakitaka malipo, siyo matusi, ni kazi yao, pelekeni kwenye kikao mpime kama inawafaa.

Sauti za WhatsApp. Kusoma makala ya mtu neno kwa neno ukairusha kwa watu mia mbili ni kuitoa upya kwa njia nyingine, inahitaji ruhusa ileile, ndo maana nimeiweka kwenye barua. Ila ukielezea kwa maneno yako jinsi ya kutega mtego hakuna anayekuuliza, na wazee watakuelewa vizuri zaidi kuliko ukisoma.

Nisikutishe kuhusu adhabu lakini nisikufiche pia. Mwenye kazi anaweza kudai fidia mahakamani, na sheria yetu ina upande wa jinai kwa anayefanya makusudi kwa ajili ya biashara. Malalamiko ya hakimiliki hapa yanakwenda COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, Kenya wana ya kwao inaitwa KECOBO, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2019 Kenya ina utaratibu wa notisi ya kuondoa kitu mtandaoni. Ambacho nakiona kwako karibu zaidi ni mfadhili. Soma mkataba wenu naye, mikataba mingi ya hivi ina kipengele kinachowataka mthibitishe kwamba mnachokitoa hakivunji haki ya mtu. Kama kipo, mwenyekiti ndiye aliyekisaini.

Na hapo ndo pa kuanzia ukienda kumwona. Usimsubiri kikaoni, nenda nyumbani kwake jioni, msalimie, mwonyeshe kile kipengele kwenye karatasi, halafu mpe mpango, usimpe tu katazo. Mwambie mzee, sura ya wadudu naandika mwenyewe na afisa ugani ataipitia, picha tunapiga kwenye mashamba yetu, hili shirika tunalitumia kwa kipeperushi cha bure, na Wakenya nimewaandikia upya hii hapa barua. Mzee akiona picha za nyanya za Mgeta zenyewe badala ya za ugenini sidhani kama atakuwa na neno. Akikataa kabisa, basi omba jambo liingie kwenye muhtasari wa kikao na jina lako litoke kwenye jalada, hilo una haki nalo na siyo ukosefu wa heshima.

Mwisho kuhusu kijitabu chenu wenyewe, maana nanyi sasa mtakuwa na hakimiliki. Kubalianeni kabla ya kuprinti, kwa maandishi, kazi ni ya kikundi au ni ya wewe uliyeandika, na wanachama waliotoa picha watatajwaje. Kama mnataka vikundi vingine vinakili bure wekeni leseni ya Creative Commons mnayoitaka, kama hamtaki andikeni anwani ya kuombea ruhusa ili mwingine asihangaike kama ulivyohangaika wewe. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, mtaipata kwa Bodi ya Huduma za Maktaba, na COSOTA mnaweza kusajili, siyo lazima ili mlindwe lakini ni ushahidi mzuri siku ya ubishi. Kila ruhusa utakayopata, iwe imeili, meseji au ukurasa wa leseni, iprinti uiweke kwenye faili la kikundi na tarehe yake, usiiache kwenye simu yako. Katibu atakayekuja baada yako akiulizwa kama toleo la pili linaruhusiwa, awe na karatasi ya kuonyesha.